Pweza na Fadhila ya Mama

Maji ya bamvua yanapokupwa na miamba ikabaki wazi, wachokoaji wa pweza hulitambua shimo lake kwa makombe na magamba ya kaa yaliyotapakaa mlangoni. Ni mnyama mlafi na mwerevu. Walakini huja wakati mmoja katika umri wake ambapo ulafi huo hukoma. Pweza jike akishataga, huyaning'iniza mayai yake kwa maelfu katika dari ya shimo, mfano wa vishada vya shanga, kisha hukaa papo hapo. Huyapepea kwa maji safi, huyapangusa kwa minyiri yake, na chakula hakitaki tena. Watoto wanapoanguliwa, yeye huwa amekwisha nguvu, naye hufa.

Katika bonde la bahari la Monterey, pwani ya California, kwenye kina cha mita 1,400 hivi, watafiti walimrudia pweza mmoja mara kwa mara baina ya mwaka 2007 na 2011. Walimkuta juu ya mayai yale yale kwa muda wa miezi 53. Alizidi kupauka na kunywea, na hawakumwona akila hata mara moja.

Mshairi akiisikia habari hii, kalamu humwasha: amepata mfano wa mama. Mwanasayansi naye ana habari yake. Mwaka 1977 Jerome Wodinsky wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, alitangaza matokeo ya jaribio lake. Baina ya ubongo na macho ya pweza zimo tezi mbili ndogo. Aliwapasua majike waliokwisha kutaga, akaziondoa. Majike hao wakayaacha mayai, wakarudia kula, wakanenepa, na wakaishi muda mrefu kuliko wenzao.

Hapo ndipo swali lilipo. Ikiwa kujitoa muhanga kote kule kumo katika tezi mbili, na kisu kinaweza kukuondoa, je, kulikuwa na fadhila yoyote?

Yako majibu mawili ya haraka. La kwanza hudai kwamba mapenzi si kitu ila majimaji ya mwilini, na kwamba asifuye mama amesifu tezi. La pili huziba masikio, likaona kwamba kuujua mwili ni kuutukana moyo. Yote mawili yanachanganya mambo yanayopasa kutenganishwa: thamani ya tendo na sifa ya mtendaji. Yai linalopepewa hupata uhai, chanzo cha kupepewa kiwe tezi au kiwe nia. Thamani hiyo haipungui kwa kujulikana ilikotoka. Lakini sifa humstahiki yule aliyeweza kutenda kinyume akajizuia. Pweza hakuwekewa njia mbili. Kwa hiyo hasifiwi kwa kubaki, wala yule aliyepasuliwa hawezi kulaumiwa kwa kuondoka.

Mizani hiyo haina budi kupelekwa kwa binadamu pia, na huko ndiko inakouma. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba tezi zile, jike akishataga, hubadilisha namna mwili unavyotengeneza kolesteroli, na kemikali moja inayohusika katika kazi hiyo huongezeka. Pweza wa hali hiyo wakifugwa huweza kujichuna ngozi na kujitafuna ncha za minyiri. Kemikali hiyo hiyo huzidi katika miili ya watoto wenye ugonjwa mmoja adimu wa kurithi, na baadhi yao hujiuma na kujiumiza. Nani atamwita mtoto huyo mtundu?

Basi na aulizwe huyo huyo juu ya mwanamke aliyejifungua, akawa hali, halali, na akimtazama mwanawe haoni ila giza. Madaktari wanaijua sonona ya uzazi, nayo ni maradhi yenye tiba. Mtaani mara nyingi huitwa ukosefu wa huruma, na mama huyo huhukumiwa kana kwamba alipewa hiari akachagua ubaya. Mwenye kumsamehe pweza akamlaani mama huyu ametumia mizani mbili.

Hata hivyo mwili si gereza lisilo na dirisha. Mama anayenyonyesha akisikia kilio cha mtoto, maziwa huweza kumchuruzika kabla hajamgusa. Sauti ya mmoja imeingia mwilini mwa mwingine na kuutikisa. Ikiwa kilio kinaweza hivyo, basi na neno la upole, na mkono wa msaada, vina njia ya kupita.

Wazee wa pwani waliijua njia hiyo pale walipoiweka arobaini: mzazi akandwe kwa maji ya moto, anyweshwe uji wa pilipili manga, mtoto apokewe mikononi mwake ili naye apate usingizi. Katika desturi hiyo hakuna tezi iliyomlazimisha jirani kuamka alfajiri kuteka maji. Angeweza kulala. Hapo ndipo sifa inapopata mwenyewe. Pweza hufa peke yake shimoni kwa kuwa hana wa kumpokea mayai. Mzazi wa kibinadamu akiachwa peke yake katika giza lake, ni waliomzunguka wanaopaswa kuulizwa habari ya mapenzi, si yeye.