Je, Hadithi ya Kubuni ni Uongo?

Soma 2 Samweli 12:1-13. Tajiri na maskini wa hadithi ya Nathani hawakuwahi kuishi. Hata hivyo Daudi alijiona ndani yake, akatubu.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alisoma seminari kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda kwa kutaja wazi dhambi za vijana. Ni rahisi kumlaumu Rosa aliyepotea. Lakini mwandishi anamwonyesha pia Zakaria, baba mlevi aliyempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, bila kuketi naye na kumfundisha.

Baba wa Mbagala au Tandale aweza kuwa hajaonja pombe maishani, naye akawa Zakaria: fimbo ipo, mazungumzo hayapo. Hadithi inayotupendezesha dhambi ni sumu, hata kama ilitokea. Inayotufumbua macho tujione inaitumikia kweli, hata kama imebuniwa.

Swali la kujadili: Binti yako akikosea, je, atathubutu kukuambia wewe kwanza?