Nani Atarudisha Ufagio?



Leo nawaletea swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kucheka: ufagio ukishamaliza kazi, unakaa wapi, na nani ana wajibu wa kuurudisha hapo? Nimesoma falsafa, nimekesha na Plato, nimekesha na Kant, lakini hili la ufagio naona linatugusa zaidi, kwa sababu kila siku tunalijibu kwa mikono yetu hata kama hatujawahi kulifikiria.

Tuanze na kanisa. Huku kwetu Mkuu, kama ilivyo katika parokia nyingi za Tanzania, usafi wa kanisa unafanywa kwa zamu na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Jumamosi jumuiya yenye zamu inafika, na wakati wa masika kazi huwa kubwa kweli, maana tope la migombani linaingia na viatu hadi karibu na altare. Sasa angalia akina mama wanavyokuja. Unakuta kila mmoja kabeba ufagio wa nyumbani kwake. Ukiuliza, unaambiwa za kanisa hazionekani. Lakini si zilinunuliwa? Zilinunuliwa. Mmoja uko nyuma ya mlango, umesimamishwa juu ya nyuzi zake mpaka zimepinda upande mmoja. Dekio limeachwa ndani ya ndoo yenye maji ya juzi, limeanza kunuka. Kizoleo hakuna anayejua kilipo.

Dawa yake fundi yeyote anaijua. Ubao mmoja wa mgrevilea, umefungwa ukutani kwa skrubu, una kulabu tano au sita. Mipini inatobolewa tundu juu na kutiwa kamba. Ufagio ukining'inia bila kugusa sakafu, nyuzi zake hazipindi. Dekio likikamuliwa vizuri na kutundikwa, nyuzi chini, hewa inapita katikati na linakauka. Lile lililolala kwenye ndoo linaoza, na ukidekia nalo unasambaza uchafu uleule uliodhani umeutoa. Siku hizi kuna pia vishikio vya plastiki vyenye vigurudumu viwili vya mpira: unasukuma mpini juu, vinaubana, na uzito wake wenyewe unaufanya unase zaidi. Ni vizuri, ila vile vya kubandika kwa gundi usivipeleke kwenye ukuta wa chokaa. Asubuhi utakuta ufagio uko chini na kipande cha chokaa kiko juu yake.

Basi ubao upo. Mbona ufagio bado haurudi?

Aristotle aliliona jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika kitabu chake cha Siasa anasema, kwa maneno yangu, kwamba kitu kinachomilikiwa na watu wengi zaidi ndicho kinachotunzwa kidogo zaidi, maana kila mmoja anadhani mwingine atakitunza. Sisi Watanzania tuna jina la kitu cha namna hiyo: shamba la bibi. Mchaga akipanda masale kwenye mpaka wa kihamba chake, hakuna anayethubutu kuyasogeza. Ufagio wa kanisa hauna isale. Ni wa wote, kwa hiyo jioni unakuwa si wa mtu.

Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake kwa ajili ya wamonaki katika karne ya 6, hakuliacha jambo hili kwa ustaarabu wa mtu binafsi. Sura ya 31 inamtaka mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Sura ya 32 inataka zana zote ziwe kwenye orodha, na anayezitumia kwa uchafu au uzembe akemewe. Na sura ya 35 ndiyo inayonifurahisha zaidi: anayemaliza zamu yake ya jikoni anafanya usafi siku ya Jumamosi, kisha anamkabidhi mtunza ghala vyombo vikiwa safi na vizima, naye anamkabidhi anayeingia zamu, ili ajue anachotoa na anachopokea. Jumamosi, kama sisi! Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda wanaishi chini ya Kanuni hiyohiyo.

Kinachonivutia hapo ni yule anayekuja. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni utashi thabiti wa kumpa kila mmoja kilicho chake. Tatizo letu ni kwamba tukisikia "kila mmoja" tunawaza mtu aliye mbele yetu, anayeweza kudai. Mtu wa zamu ya wiki ijayo hayupo. Hana uso. Pengine ni bibi mwenye mgongo unaomsumbua, aliyeacha ng'ombe bila majani ili awahi kanisani. Atazunguka nusu saa akitafuta kizoleo. Nusu saa ile nani kaichukua?

Utaniambia hayo ni mambo ya nidhamu tu, tusiyaite maadili. Sisemi ukaungame kwamba uliacha dekio kwenye ndoo, padre atakushangaa. Lakini mimi naona mtu hupimwa vizuri zaidi pale ambapo anayeumizwa hawezi kumjua aliyemuumiza. Kulabu ile ukutani ni ahadi kwa mtu usiyemwona, na ahadi kwa mtu usiyemwona ndiyo rahisi kuliko zote kuivunja.

Mpaka hapa nadhani wengi mmekubali. Sasa twende nyumbani, kwa sababu huko ndiko jambo linakuwa gumu.

Zipo nyumba ambazo ukiingia stoo unafurahi. Ufagio wa chelewa wa nje una kulabu yake, ufagio laini wa ndani una yake, dekio la chooni limetengwa na la sebuleni. Kila kitu mahali pake. Agostino, katika kitabu cha 19 cha Mji wa Mungu, anaieleza amani kuwa ni utulivu unaotokana na mpangilio, na mpangilio ni kila kitu kupewa mahali panapokifaa. Ukiwa kwenye stoo ile unaweza kusema hapa pana amani ya Agostino.

Lakini uliza nani anavirudisha. Ni dada wa kazi, peke yake. Kijana wa kidato cha nne katika nyumba hiyo hajui hata kulabu ziko ukuta gani. Amemwaga chai, amepitisha dekio mara mbili (tena amejitahidi!), kisha ameliegemeza mlangoni na kuondoka. Dada atalitoa. Dada huyo inawezekana ni binti wa hukuhuku Rombo, aliyemaliza darasa la saba na kushuka Moshi au Dar es Salaam kutafuta maisha. Na zipo nyumba, tusidanganyane, ambazo godoro la dada limetandikwa humohumo stoo, chini ya zile kulabu. Ufagio umepewa mahali pake, naye akapewa mahali kando ya ufagio.

Hapo mpangilio umegeuka kuwa kitu kingine. Agostino mwenyewe, katika kitabu hichohicho cha 19, anakumbusha kwamba Mungu alimpa binadamu mamlaka juu ya viumbe visivyo na akili, hakumpa mamlaka juu ya binadamu mwenzake. Ufagio una mahali maalumu kwa sababu una matumizi maalumu. Binti hana "matumizi". Kumpangia mahali kwa namna tunayoupangia ufagio ni kumhesabu kati ya zana, hata kama tunamwita dada na kumnunulia kitenge Krismasi.

"Lakini analipwa, hiyo ndiyo kazi yake." Hoja hii siidharau. Kuajiri mtu wa kusaidia nyumbani si dhambi, na mshahara wa haki unaolipwa kwa wakati ni jambo la heshima. Ila tuangalie mshahara umenunua nini. Umenunua kazi ya kufagia. Haujanunua haki ya kila mwenye mikono miwili humo ndani kuacha kitu popote akiwa na uhakika kwamba kuna mtu wa chini atakifuata nyuma. Benedikto alisema anayemaliza kutumia ndiye anayekabidhi. Hakuandika kwamba wenye ada ya shule wamesamehewa.

Mnamjua Mtakatifu Martin wa Porres, yule Mdominikani wa Lima (1579–1639) aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1962. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi aliyekuwa ametoka utumwani, na kwa sababu ya rangi yake Martin alipokelewa konventini kama msaidizi tu. Picha zake nyingi zinamwonyesha na ufagio mkononi. Naogopa kidogo tunavyoitumia picha hiyo, kana kwamba inamwambia maskini aupende ufagio wake anyamaze. Mimi ningeibandika sebuleni, mbele ya wale ambao hawajawahi kuushika. Hata Injili ya Luka, sura ya 15, katikati ya mchungaji na baba wa mwana mpotevu, Yesu ameweka mwanamke anayewasha taa na kufagia nyumba akitafuta sarafu, na kwa mwanamke huyo anatueleza furaha ya mbinguni.

Kwa walio VIWAWA, mnaijua njia aliyotuachia Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji: kuona, kuamua, kutenda. Basi wiki hii angalia tu nyumbani kwenu nani anarudisha dekio, kwa siku saba, bila kumwambia mtu. Mkikutana Jumapili mtakuwa na la kuzungumza.

Na kama kikundi chenu kitaamua kuitengenezea parokia ubao, shauri langu ni hili. Msiufunge juu kama fundi anavyopenda; upimeni kwa mtoto wa Utoto Mtakatifu, afikie kulabu bila kupanda kiti. Tumieni skrubu na plagi zake, kwani misumari mitupu hulegea. Andikeni jina la kifaa chini ya kila kulabu kwa rangi isiyofutika, ili kisipokuwepo nafasi tupu ionekane. Na mwachieni mwenyekiti wa jumuiya ya zamu kalamu na daftari la makabidhiano, likining'inia kwenye kulabu ya mwisho.