Sanduku la Vitambaa: Je, Kuweka ni Uchoyo?

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Twaifundisha methali hii kila mwaka, na wanafunzi wetu huikariri bila taabu. Lakini yeyote aliyepata kufungua sanduku la zamani lililojaa nguo ajua kwamba iko akiba inayooza. Panya hutafuna, ukungu hutanda, na rangi hupauka pale kitambaa kilipokunjwa. Hapo ndipo linapozuka swali tunalotaka kulichungua katika makala haya. Mtu anayekusanya vitambaa asivyovihitaji leo, akavikunja, akavipanga na kuvitazama kwa furaha, je, ni mwekevu au ni mchoyo? Na furaha hiyo ndogo aipatayo, ni haki yake, au ni anasa katika dunia yenye watu wanaolala bila shuka?

Mtu tunayemkusudia hasa ni mshonaji wa mifarishi ya viraka. Kwa msomaji asiyepata kuiona kazi hiyo, yafaa tueleze kwa ufupi. Mfarishi wa namna hiyo una tabaka tatu. Juu huwa pana uso uliounganishwa kwa vipande vingi vya nguo. Katikati huwekwa pamba ya kuleta joto. Na chini huwapo bitana. Kisha tabaka zote tatu hushikanishwa kwa mishono midogo midogo inayopita mfarishi mzima, ili pamba isihame. Kabla ya yote hayo, lakini, mshonaji huwa na kazi nyingine isiyoonekana: kutafuta vitambaa, kuvichambua, kuvifua, na kuviweka mpaka siku yake ifike. Sanduku lake ni sehemu ya kazi kama vile ghala lilivyo sehemu ya kilimo.

Tuchukue mfano wa wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilichomo katika kona ya mto Alabama, Kusini mwa Marekani. Wengi wa wakazi wake ni wazao wa watumwa waliolima pamba katika shamba la tajiri aliyeitwa Pettway, na hata leo jina hilo limeenea kijijini. Utumwa ulikomeshwa nchini humo mwaka 1865, lakini ardhi haikugeuka kuwa yao. Waliendelea kulima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, huku wakikopa mbegu na chakula. Mwaka 1932, baada ya mfanyabiashara aliyewakopesha kufariki dunia, jamaa zake walikuja kudai deni. Wakachukua mifugo, zana za kilimo na mazao, wakawaacha watu katika hatari ya njaa.

Walichobakiwa nacho wanawake wale kilikuwa ni matambara. Mchana walishinda shambani. Jioni, na hasa majira ya baridi, walishika sindano. Walitumia suruali zilizochakaa magotini, mashati ya kazi, na magunia ya mbolea na ya chakula cha mifugo. Pamba ya kujazia waliiokota katika masalio yaliyobaki kwenye kinu cha kuchambulia, wakaipiga kwa fimbo mpaka ikalainika. Uso wa mfarishi mara nyingi mwanamke aliuunga peke yake, kwa hiari yake. Lakini kazi ya kushikanisha tabaka tatu waliifanya kwa pamoja, wameizunguka fremu ya mbao huku wakiimba na kuzungumza. Mfarishi uliochakaa kabisa nao haukutupwa: uliwashwa, moshi wake ukafukuza mbu.

Sasa tumweke mwanamke huyo mbele ya yule anayemshutumu kwamba anarundika. Mshutumu atasema: "Una nini cha kuweka wewe, usiye na kitu?" Shutuma hiyo yasahau kwamba kuweka kwa mchoyo na kuweka kwa mwekevu, ijapokuwa kwa macho ni kitendo kimoja, kwa nia ni vitendo viwili. Mchoyo huweka ili mwingine asipate. Mwekevu huweka ili siku moja kitu kipate kutumika. Mchoyo akiombwa huumia; mwekevu akiombwa hufikiri. Tena kuna mtu wa tatu, ambaye aghalabu tunamsahau, naye ni mwoga. Huyu hakatai kutoa, na hata kutumia angependa, ila kila siku hujiambia kwamba kitambaa hiki ni kizuri mno kwa kazi ya leo. Akangoja siku iliyo bora, nayo isije. Kwa maoni yetu, hatari inayomkabili mpenda vitambaa si uchoyo. Hatari yake ni woga huu.

Mfano wa kuushinda woga huo ulitolewa mwaka 1942 na Missouri Pettway, mkazi wa kijiji hicho. Mumewe alipofariki, alizichukua nguo zake za kazi, pamoja na binti yake Arlonzia akazichana, na kushona mfarishi. Binti huyo alisimulia baadaye kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa ajili ya mapenzi. Tulitafakari jambo hilo. Mjane angaliweza kuzikunja nguo zile na kuzifungia, asiruhusu mkono kuzigusa. Watu wengi hufanya hivyo, wala hatuwalaumu. Lakini yeye alitia mkasi ndani ya kitu alichokipenda kuliko vyote. Alizikata nguo ili zisipotee. Nguo iliyofungiwa ingaliendelea kuwa ya marehemu mpaka ikaliwa na panya; iliyokatwa iligeuka kuwa joto la walio hai.

Twende sasa kwenye swali la pili, la furaha. Kuna watu wanaoamini kwamba maskini hana haja ya uzuri mpaka kwanza ashibe. Hoja hii yapendeza kwa urahisi wake, lakini yapingana na yale tunayoyaona. Kama wanawake wa Gee's Bend wangalitaka joto peke yake, wangaliunga vipande kwa namna yoyote ile, nao usiku wasingalitofautisha rangi. Hawakufanya hivyo. Waliuweka wekundu kando ya buluu iliyopauka, wakauvunja mstari pale jicho lilipoutarajia, wakaipa mitindo yao majina, mmojawapo ukifananishwa na paa la nyumba. Mtu ambaye mwenye shamba alimwamulia alime nini, na mwenye duka akamwamulia alipe kiasi gani, alikuwa na mahali pamoja ambapo neno la mwisho lilikuwa lake. Furaha hiyo yaweza kuitwa ndogo kwa kipimo cha mali. Kwa kipimo cha utu si ndogo hata kidogo.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi baada ya mwaka 1966, ulipoanzishwa katika wilaya ile ushirika wa washonaji uitwao Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 ushirika huo ulipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za mito za kodrai. Kazi ya mkataba ilitaka kila foronya ifanane na mwenzake, na ilileta fedha iliyohitajiwa sana. Lakini vipande vya kodrai vilivyosalia vilichukuliwa nyumbani, na huko mikono ile ile iliyoshona vitu vya kufanana ikashona mifarishi isiyofanana na kitu chochote. Fedha ilitoka katika kitambaa. Uhuru ulitoka katika masalio yake. Vyote viwili vilihitajiwa, na si busara kudharau kimoja kwa ajili ya kingine.

Hata hivyo hatuna budi kujihadhari. Ni rahisi, kwa mtu aliyeshiba, kuusifu umaskini kwa sababu umezaa vitu vizuri. Hayo ni makosa ya kimaadili. Uzuri wa mifarishi ile haukuhalalisha njaa ya mwaka 1932. Wanawake wale walikuwa na kipaji, na kipaji hicho kingalikuwapo hata kama wangalilala katika nyumba zisizopenya upepo. Umaskini uliwapa matambara. Ustadi waliuleta wenyewe.

Na je, tusemeje juu ya mshonaji wa siku hizi, mwenye uwezo, anayenunua kitambaa kipya dukani ili akikate vipande, kisha avishone tena? Wako wengi huko Marekani na Ulaya, na makabati yao yamejaa vitambaa kuliko miaka watakayoishi. Mwenye kucheka atacheka. Sisi twaona kwamba furaha isiyomnyang'anya mtu haihitaji kuombewa radhi. Kukipapasa kitambaa, kukipeleka dirishani ili kuona rangi yake halisi, kukilinganisha na kingine kilichowekwa miaka kumi: hayo ni mapumziko ya roho, na mara nyingi matunda yake huishia juu ya kitanda cha mtoto mchanga au cha mgonjwa. Lakini twamwomba ajiulize swali moja tu: je, sanduku hili lina mlango wa kutokea? Kama vitambaa huingia wala havitoki, basi ameacha kuwa mshonaji na amekuwa mlinzi wa ghala.

Swali hilo hilo lafaa kuulizwa majumba ya makumbusho. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, ikatundikwa ukutani kama picha. Na mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye sura zake. Mfarishi wa Missouri Pettway nao umo katika jumba la sanaa la taifa, Washington. Haumfuniki mtu tena. Je, umekufa? Twadhani la, maadamu unaendelea kutoa kitu kwa anayeutazama. Lakini heshima ya ukutani haitoshi ikiwa haifuatwi na heshima kwa mshonaji mwenyewe, yaani jina lake kutajwa na jasho lake kulipwa.

Msomaji wa upande wetu asidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Katika karne ya 19, pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani ilifumwa katika viwanda vya kaskazini, hasa Massachusetts, na kitambaa chake kikaletwa Unguja kwa merikebu. Kutoka huko kilisafirishwa bara kwa misafara, hadi maziwa makuu, nasi tukakiita merikani. Jina hilo limo katika kamusi zetu hadi leo. Tena husimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianzia kwa wanawake wa pwani walionunua leso na kuziunganisha kwa kushona zikawa vazi moja. Kama ni hivyo, basi vazi tunalojivunia lilizaliwa katika viraka. Na katika barabara za miji yetu, kwenye vibaraza vya maduka ambako mafundi cherehani huketi, masalio ya vitenge bado huanguka miguuni mwao kila siku. Mmoja huyafagia na kuyatupa. Mwingine huyatia mfukoni.

Sisi walimu tuna sanduku letu pia, nalo ni la maneno. Kiswahili kimeweka leso ya Kireno, mkasi wa Kiarabu na shati la Kiingereza, kikaviunga vyote kwa uzi wake wa Kibantu, na hakuna aonaye aibu ya mshono. Lakini mwanafunzi anayejaza daftari kwa msamiati asiouthubutu kuutamka ana ugonjwa ule ule wa mwoga wa vitambaa: angoja siku atakapokuwa hodari ndipo aseme. Kazi yetu ni kumtia moyo akate leo, aunge leo, hata kama mshono utapinda.

Basi turudi kwenye methali tuliyoanza nayo. Akiba haiozi, twakubali, kwa sharti moja: iwe inangoja kazi. Inayongoja kutazamwa tu itadumu kadiri panya watakavyoruhusu. Na msomaji aliye na kitambaa kizuri alichokiweka kwa siku kubwa, yafaa akitoe akitazame tena, kisha aamue ni nani atakayefunikwa nacho.