Mlevi Aachapo Pombe Atunzwe Wapi?

Mtu aliyefungwa na pombe miaka mingi akitaka kuiacha, atunzwe wapi? Abaki nyumbani, aende zahanati kila siku, ama alazwe hospitali? Wengi hujibu kwa kupima moyo wake. Akilia na kuahidi sana, husema: nia yake ni ya kweli, nyumbani kwamtosha. Akiwa mkaidi, husema: apelekwe mbali. Sisi twaona kipimo hicho si cha haki, maana hakiulizi habari za mwili.

Tumfikiri mtu wa Kilosa anywaye gongo kila siku tangu asubuhi. Akiiacha ghafula, siku ya kwanza mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi humpotea. Kabla ya kutimia siku mbili aweza kuanguka kifafa. Siku ya pili hata ya nne wengine huweweseka, huona watu wasiokuwapo, na homa hupanda. Majirani husema ana pepo au amerogwa. Kumbe ni ubongo uliozoea kutulizwa na pombe, nao umenyimwa kitulizo chake. Hali hiyo huweza kuua. Basi aliyetubu kwa kweli aweza kufa kitandani mwake, na mkaidi anywaye kidogo akapona bila dawa.

Kwa hiyo chama cha madaktari wa Marekani watibuo uraibu, kilipotoa vipimo sita mwaka 1991, kilitaja kwanza hatari ya kuacha kileo, kisha magonjwa ya mwili. Utayari wa mgonjwa ulikuwa wa nne. Wala kitanda si jibu la kila mtu. Muhimbili, ilipoanza mwaka 2011 kuwapa methadoni waliofungwa na heroini, haikuwalaza. Walifika kila siku, wakanywa dawa, wakarudi kwao.

Wako watakaosema: amejitakia mwenyewe, kitanda ni cha wagonjwa wasio na hatia. Lakini yule Msamaria alifunga majeraha kwanza, kisha akatafuta nyumba ya wageni. Hakumhoji aliyejeruhiwa kwa nini alipita njia ile peke yake. Kitanda si tuzo ya toba, wala si adhabu ya ukaidi. Hupewa mwili unaokihitaji.

Basi, ninyi walimu, mtu akija kwenu na neno hili, kabla ya kumwambia aache leo, mwulizeni: Je, ulipata kuanguka kifafa ulipokosa pombe? Mikono hutetemeka asubuhi mpaka unywe? Macho yamekuwa manjano, au tumbo limevimba? Unakohoa siku nyingi, au wameza dawa za kifua kikuu? Wala chakula? Mwanamke aulizwe kama ana mimba. Jibu moja tu likitia shaka, asiache peke yake. Apelekwe kwa mganga apimwe. Kilosa ipo hospitali ya wilaya, na Mikumi ipo ya Mtakatifu Kizito. Asiye na dalili hizo, naye anakula vizuri na kukaa na ndugu asiyekunywa, aweza kutunzwa nyumbani, mradi atazamwe kila siku.

Maneno ya kumjenga moyo yana wakati wake, nayo ni kazi ya miezi mingi. Lakini mtu huyasikia akiwa hai. Tuutunze mwili kwanza, ili moyo upate muda wa kugeuka.