Sabato ya Watoto: Neno kwa Wazazi Wakati wa Likizo



Mwezi wa Juni umeingia tena. Shule zinafungwa, watoto wanarudi nyumbani, na katika nyumba nyingi neno la kwanza wanaloambiwa, kabla hata hawajavua sare, ni kwamba Jumatatu wanaanza tuisheni. Saa moja asubuhi waondoke, saa kumi warudi, na jioni wafanye mazoezi waliyopewa. Sisi tuliofundisha miaka mingi, tukawapokea watoto wa namna hiyo mwezi Julai wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka, twaomba kusema neno juu ya jambo hili.

Tufungue Kutoka, sura ya 20. Amri ya Sabato haikomi kwa mwenye nyumba. Inamtaja mwanawe, kisha binti yake, kisha mtumwa na mjakazi, hata mnyama wa kufugwa na mgeni aliye ndani ya malango. Mungu alijua ya kuwa mkubwa akiachiwa mwenyewe atapumzika yeye, na kazi ataigawa kwa wadogo. Ndiyo maana watoto wametajwa mara tu baada ya baba. Tena tukumbuke ni watu gani waliopewa amri hii. Walikuwa wametoka Misri, mahali ambapo siku ya mtu ilipimwa kwa hesabu ya matofali (Kutoka 5). Watu waliozoea kuhesabiwa matofali hawaamini upesi kwamba siku isiyo na hesabu si siku iliyopotea. Mana ilipokuja waliambiwa siku ya saba wasiitafute, na bado wengine walitoka kwenda kuiokota, wasione kitu (Kutoka 16:27). Mzazi anayedai alama za majaribio kila juma la likizo hayuko mbali sana na hao.

Hatusemi mtoto akae kama gogo. Wala hatumlaumu mwenye mtoto wa darasa la saba ambaye mtihani wake ni Septemba. Huyo na afungue madaftari yake saa mbili za asubuhi, yatosha. Tunawasemea hasa wadogo, ambao bado wanajifunza kusoma na kuhesabu, na ambao hakuna mtihani wa taifa unaowangoja mlangoni.

Yafaa tulitazame neno lenyewe. “Shule” lilitujia kwa Wajerumani; ndugu zetu wa Unguja husema “skuli”, kwa kuwa wao walilipata kwa Waingereza. Lakini yote mawili chimbuko lake ni neno moja la Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni wasaa, yaani nafasi ya mtu asiyesukumwa na kazi. Leo mtoto ana shule tele, ila huo wasaa hana.

Huko Uingereza alikuwapo mwalimu mmoja Mwanglikana, Charlotte Mason, aliyezaliwa 1842 akafariki 1923. Mwaka 1892 alianzisha chuo mjini Ambleside cha kuwafunza wale watakaofundisha watoto majumbani, maana zilikuwapo familia zilizosomesha watoto wao nyumbani, kama zilivyopo hata leo katika nchi mbalimbali. Mama huyu alishikilia kwamba somo la mtoto aliye chini ya miaka 8 lisizidi sana dakika 20, na mchana awe huru. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, hali ya hewa ikiwa njema, alitaka watoto wakae nje saa nne, tano, hata sita kwa siku, wakitazama ndege, majani na wadudu. Miezi hiyo ndiyo ya jua kwao. Sisi jua tunalo mwaka mzima, nasi tunawafungia watoto ndani!

Labda mtu atasema, “Sisi si walimu.” Mwaka 2020 shule za nchi hii zilifungwa mwezi Machi, zikafunguliwa tarehe 29 Juni, na kila nyumba ikawa darasa, mtu apende asipende. Tena Musa hakungoja ugonjwa uje ndipo aseme. Katika Kumbukumbu la Torati 6:7 anawaagiza wazazi wawafundishe watoto wao wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Nyakati nne, wala hamna kengele. Kipupwe hiki mahindi yanapukuchuliwa. Mtoto anayepima pamoja na bibi yake, akaona kwamba vibaba 4 ni pishi 1, kisha akaulizwa pishi 7 ni vibaba vingapi, amefanya hesabu, na hataisahau kwa kuwa aliishika mkononi. Jioni asome Zaburi moja fupi mbele ya wote, polepole, na asiyejua neno aulize. Bibi naye asimulie. Asiharakishwe, hata kama hadithi tumekwisha kuisikia.

Kanisa lenyewe lina mwendo huu. Baada ya Pentekoste na Utatu Mtakatifu, madhabahu huvikwa kijani, na kijani hicho chaendelea Jumapili zaidi ya ishirini hata Majilio. Sikukuu za watakatifu zipo, lakini hakuna Kwaresima wala Juma Kuu. Ni karibu nusu ya mwaka wa kukua tu. Na Bwana wetu, baada ya siku zile za hekaluni akiwa na miaka 12, alirudi Nazareti pamoja na wazazi wake, akakaa huko mpaka alipokuwa na umri wa kama miaka 30 (Luka 2:51 na 3:23). Luka hakuandika alifanya nini kila mwaka. Ameandika tu kwamba aliwatii, akakua.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kidogo. Katika nyumba zetu likizo ya mvulana ni mpira, na likizo ya msichana ni ndoo, kuni na mtoto mgongoni. Amri haikusema “watoto” kwa jumla. Binti ametajwa peke yake, ili asisahauliwe. Ndoo na zigawanywe. Mvulana hatavunjika mkono kwa kuosha sufuria.

Kisha yuko yule dada wa kazi, ambaye katika nyumba nyingine umri wake wampita kidogo tu binti wa nyumba. Watoto wakirudi, sahani zake huongezeka na nguo za kufua huongezeka. Naye yumo katika amri, pale anapotajwa mjakazi. Basi kila mtoto mwenye nguvu afue sare yake mwenyewe na aoshe sahani yake. Yeye apewe Jumapili yake nzima, aje ibadani akae kitini kama wengine, na nauli ya kwenda kuwaona wazazi wake isingoje Krismasi.