Elimu Itolewe Kamili, Jina Lihifadhiwe

Mvuvi wa Ziwa Victoria hakai ufuo mmoja. Leo yuko Dunga, karibu na mji wa Kisumu. Kesho amehamia Mbita, kisha Rusinga au Mfangano, akiwafuata samaki. Akiwa ni mtu wa kutumia dawa za kila siku, kama zile za Ukimwi, yapasa habari za matibabu yake zimfuate. Zikibaki katika zahanati ya kwanza, tabibu wa pili huanza upya kwa kupapasa.

Vituo vingi vya afya vya Kisumu na jirani zake huandika habari hizo kwa KenyaEMR, programu iliyojengwa juu ya OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Ni programu huria: kila mtu ana ruhusa kuisoma, kuigeuza na kuigawa. Lakini ili programu mbili zifahamiane, lazima pawe na kanuni zilizoandikwa: tarehe iwekwe vipi, dawa itajwe vipi. Waraka mmoja mashuhuri wa kanuni hizo ni FHIR, uliotungwa na jumuiya ya HL7 na kutolewa kwa walimwengu bila ya kudai hakimiliki. Basi twauliza: aliyetoa elimu yake namna hii, ana haki ya kuzuia nini?

Hapa pana mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. La kwanza ni hataza, yaani hati ya serikali impayo mvumbuzi, kwa kawaida kwa miaka 20, uwezo wa kuwakataza wengine kutumia uvumbuzi wake. Mtu aweza kuutoa waraka bure, ilhali hataza ya njia iliyoelezwa humo ameishika mkononi. Hata hati ya CC0, ambayo kwayo FHIR imetolewa, yasema wazi kwamba haiachi hataza wala alama ya biashara. Hatumtuhumu mtu; twaeleza hati zilivyo. Lakini aliyechimba kisima akawaita watu wanywe, kisha walipokwisha kujenga nyumba zao hapo akadai kodi ya kamba na ndoo, huyo hakutoa maji.

Huenda msomaji akasema: mwenye mali ana hiari ya mali yake. Ni kweli, na Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilikiri kwamba uvumbuzi na majina ya biashara ni haki za wenyewe zisizofaa kudhulumiwa. Lakini hiari hiyo ni kabla ya kuwaita watu. Baada ya hospitali kujengea kazi zake juu ya mwito huo, kuuvunja ni khiana. Leseni ya Mozilla ya mwaka 2012, inayotumiwa na OpenMRS, imeelekea kwenye uadilifu: kila achangiaye hutoa pia ruhusa ya hataza zake zinazohusika na mchango wake, na anayewashitaki wenziwe kwa ajili ya hataza katika programu hiyo hupoteza ruhusa aliyopewa.

La pili ni jina. Hili twaona lafaa lihifadhiwe, kwa kuwa jina ni ushahidi. Lau mtu angeugeuza waraka, akaondoa mahali pa kipimo cha dawa, kisha akauita kwa jina lile lile, tabibu wa Mbita angeuamini na mgonjwa angedhurika. Kulizuia jina hapa ni kuzuia ghishi, si ubakhili.

Lakini hifadhi hiyo ina mpaka. Sisi watu wa pwani twakumbuka kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kulifanya neno kikoi kuwa alama yake. Wafanya biashara wa Kenya wakapinga, na ombi likaachwa mwaka 2008. Jina alilolitia maana mtu kwa kazi yake ni lake. Jina lililotiwa maana na vizazi vya wafumaji na wavaaji ni la wote.

Kwa hiyo, viongozi wetu na vijana wetu wanaotengeneza programu wasitosheke na neno bure. Kabla ya kuukubali waraka wowote waulize: maandishi yametolewa? Hataza nazo zimetolewa, tena kwa maandishi yasiyotanguka? Na jina analilinda nani, kwa ajili ya nani? Aulizaye baada ya kujenga amechelewa, na atakayelipa ni mgonjwa wa ufuoni.