Imani na Elimu Chini ya Paa Moja

Mwaka 1960 Kanisa Katoliki lilianzisha chuo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi, Mwanza. Mwaka 1998 chuo hicho kilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambamo Mkristo na Mwislamu huketi darasa moja. Twajiuliza basi: chuo cha namna hiyo kimtii nani, madhabahu au maktaba?

Wako wasemao kwamba dini ikiingia darasani, swali hutoka. Hofu yao haikuzuka bure: mwaka 1633 Galileo alihukumiwa na Kanisa kwa kushikilia kwamba dunia hulizunguka jua. Wako pia wasemao kwamba elimu isiyo na maadili ni kisu mkononi mwa mtoto. Nao hatuwezi kuwapuuza. Mhasibu mwizi naye alisoma.

Sisi twaona kila kimoja kina mamlaka yake. Dini na iongoze mwenendo: mwalimu asiuze alama, mwanafunzi asiibe maandishi ya mwenzake. Lakini hoja na ipimwe kwa ushahidi, wala si kwa dhehebu la msemaji. Mwanafunzi akilazimika kuandika asichokiamini ili afaulu, chuo kimemfundisha unafiki, na unafiki ni dhambi kanisani na msikitini vilevile. Kwa hiyo kumwachia uhuru wa kuuliza si kuisaliti imani, bali ni kuihifadhi. Imani iliyokwisha kuulizwa ikajibu ndiyo mtu aondokayo nayo chuoni. Ile ya kuazima huirudisha mlangoni.